Sheria ya Sufuria Kubwa

Wodi nzima ilikuwa inacheka, na mimi peke yangu sikujua kwa nini. Nyanya yangu alikuwa kitanda cha tatu kutoka dirishani, mdomo umevutwa upande mmoja na kiharusi, mkono wa kulia umelala tu juu ya blanketi, na alikuwa amesema jambo. Mama mzee wa kitanda jirani alishika mshono wake wa tumbo na kuomba asichekeshwe tena. Muuguzi aliyekuwa anapima presha ilibidi aanze upya. Hata shangazi yangu, ambaye uso wake na kicheko hawajuani, alifunika mdomo kwa leso. Nami nikacheka. Ndiyo, nilicheka, tena kwa sauti, mtu mzima na akili zangu, na sikuwa nimeelewa hata neno moja.

"Amesema nini?" nikamuuliza shangazi.

"Anasema chai haina sukari."

"Watu hawawezi kucheka hivyo kwa sababu ya sukari."

"Umeuliza, nimekujibu," akasema, akafunga chupa ya chai.

Hiyo ilikuwa siku ya nne. Gogo, maana ndivyo tunavyowaita nyanya zetu huku, alikuwa ameanguka nyumbani Ainabkoi akianika mahindi. Mama alimkuta ameketi katikati ya turubai, miguu imenyooka mbele, mahindi yamejaa kwenye viganja, anamtazama kama mtu anayetafuta swali. Majirani wakamleta hapa Eldoret, hospitali kubwa, dakika ishirini kwa miguu kutoka shule ninayofundisha. Siku ya kwanza na ya pili hakusema kitu. Siku ya tatu alifungua macho na maneno yakatoka, mengi, ya haraka, na shangazi akapiga magoti hapo sakafuni kumshukuru Mungu.

Mimi nilikuwa nasubiri Kiswahili. Hakikuja. Kilichotoka ni Kikalenjin kitupu, na nilipomsemesha alinitazama kwa adabu, vile mtu anavyoitazama redio ya jirani. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniambia hutokea, ubongo ukigongwa, lugha ambayo mtu alijifunza ukubwani ikapotea na ya utotoni ikabaki. Nikamuuliza itarudi lini. Akasema huenda ikarudi, huenda isirudi, na kwamba moyo wa Gogo umechoka, tusipange mambo ya mbali. Basi nikaelewa. Nilikuwa na siku chache za kumsikia nyanya yangu, na sikuwa na masikio ya kumsikia nayo.

Utaniuliza, mtoto wa Ainabkoi, baba wa hapa hapa, inakuwaje asijue lugha ya nyanya yake? Nitakueleza, na usinicheke.

Baba alimleta mama nyumbani akiwa Mluhya kutoka Magharibi, binti wa karani, asiyejua Kikalenjin hata cha kuomba maji. Wiki ya kwanza shangazi, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaolewa, alikaa jikoni na binamu zake wakamsema mama mbele yake kwa Kikalenjin, vile anavyoshika mwiko, vile anavyotembea kwenye matope kana kwamba matope yatamuuma. Mama alikuwa akitabasamu nao. Gogo akaingia na mzigo wa kuni, akasimama, akasikiliza kidogo, kisha akauachia mzigo wote ukaanguka. Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa cha kuokota, alikipata akichuma pareto kwenye mashamba ya watu akiwa tayari mke wa mtu.

"Kutoka leo," alisema, "hii nyumba iko na mlango moja na lugha moja. Mtu akiwa na maneno hii msichana hawezi sikia, aende aambie ng'ombe. Na akirudi, ataosha sufuria kubwa."

Sufuria kubwa ilikuwa ya kupikia ugali wa wavunaji. Mimi niliogeshwa ndani yake nikiwa mtoto, miguu na yote, na nafasi ikabaki. Ukishapika ugali wa watu arobaini kwenye kuni, chini kunaganda ukoko mweusi ambao hautoki kwa sabuni. Unataka majivu, mchanga, waya wa kusugulia na nusu asubuhi ya maisha yako. Hiyo ndiyo ilikuwa faini, na haikuwa na rufaa.

Sheria hiyo haikumwacha mtu. Mchungaji alikuja kubariki zizi jipya akaanza kuomba kwa Kikalenjin. Gogo akafungua jicho moja. "Mchungaji," akasema, "Mungu anasikia zote, lakini bibi ya kijana yangu anasikia moja. Rudi mwanzo." Akarudi mwanzo. Baada ya amina akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaosha, na Gogo akamsimamia akimwonyesha alipoacha doa. Siku nyingine jembe lilimpiga Gogo mwenyewe kidole cha mguu, akatoa maneno ya kwao, marefu, mpaka mbwa akaondoka uwanjani. Sote tukamtazama. Akajitetea kwamba uchungu hauna kabila. Babu alikuwa bado hai, na akatamka kwamba sheria ni sheria. Gogo akaosha na mguu umefungwa kitambaa, akimtukana babu kwa Kiswahili safi kadiri alivyoweza, na babu akakaa karibu ili asipitwe na kitu.

Nilikulia jikoni humo. Baba alikuwa barabarani na lori, mama alikuwa na ng'ombe na shamba, mimi nilikuwa wa Gogo. Upande wake wa kushoto kulikuwa na kigoda, kwa sababu sikio la kulia lilikuwa limekufa zamani, na kigoda hicho kilikuwa changu. Nikikaa hapo niliweza kumnong'oneza. Mgeni akijaribu kukikalia Gogo alimwambia, bila kugeuka, "Hapo kuna mtu." Nilipokwenda chuo cha ualimu, mama aliniambia kwamba bado anawaambia watu hivyo. Diwani alikuja siku moja kuomba kura, akatazama kigoda kitupu, akaambiwa hapo kuna mtu, akahutubia amesimama.

Alikuwa mcheshi, na sisemi hivyo kwa sababu amekufa. Baridi ya Ainabkoi alisema iko na hati ya shamba, sisi ni wapangaji tu. Matangani hakukosa, na akirudi alitusimulia wasifu wa marehemu uliosomwa, mstari kwa mstari. "Wanasema alipenda watu wote. Ni kweli. Alipenda hata ng'ombe yangu moja, akaenda nayo." Mimi nilipoajiriwa kufundisha Kiswahili alitaka nimweleze vizuri. "Yaani serikali inakupa mshahara uongee vile sisi tunaongea bure?" Nikamwambia kwamba sisi tunaongea vibaya, na mimi naenda kurekebisha. "Basi anza na shangazi yako," akasema.

Kiswahili chake kilikuwa cha ajabu, ngeli zote amezifukuza, P na B hazijulikani nani ni nani. Mimi ndiye niliyefundisha watoto wa watu kusahihisha sentensi kama zake kwa kalamu nyekundu, kisha Jumamosi naenda kwake kuzisikiliza na kushika mbavu. Hakuna aliyewahi kunichekesha kama yeye. Baba alipofariki nikiwa kidato cha pili, ni yeye, mama wa marehemu, aliyenifanya nicheke kabla ya arobaini kwisha. Sijui alitoa wapi nguvu hizo. Sasa nguvu hizo hizo alikuwa akizitoa kitandani, na zilikuwa zinamfikia kila mtu wodini isipokuwa mimi.

Nilichoka kuwa mjinga. Shuleni kwetu kuna mwalimu wa hisabati, mzee anayekaribia kustaafu, Mkalenjin. Nilimfuata saa ya chai nikamwambia nataka sentensi moja tu. "Gogo, ni mimi. Niambie kitu, nasikiliza." Hakuniuliza maswali. Alipasua upande wa boksi la chaki, akaandika kwa herufi ambazo ningeweza kuzisoma, akanisikiliza nikisema mara kumi, akanirekebisha kwa upole ambao wanafunzi wake hawajawahi kuuona. Nilibeba kile kipande cha boksi siku nzima. Nilikisema nikivuka barabara, nikakisema kwenye foleni ya benki, mwendesha boda boda akasimama akaniuliza kama namwita.

Siku ya sita niliingia wodini nikiwa nimekishika vizuri kichwani. Kulikuwa na kiti cha plastiki upande wake wa kushoto, upande wa sikio zima, na tangu siku ya kwanza ndicho nilichokuwa nakalia. Nikakaa. Nikamwinamia, nikasema sentensi yangu yote, polepole, bila kukosea. Najua sikukosea, kwa sababu mama mzee wa kitanda jirani alipiga makofi madogo.

Gogo alinigeukia. Uso wake ulikuwa mzuri, wa heshima. Akajibu maneno machache, taratibu, kisha akamuuliza shangazi kitu.

"Amesema nini?"

Shangazi alikunja leso yake kwanza. "Anasema karibu," akasema. "Anasema unaongea vizuri, kwa mtu wa kujifunza. Anauliza wewe ni msichana wa nani."

Nikamrukia kwa Kiswahili. "Gogo, ni mimi. Ni mimi wako." Akamtazama shangazi, akangoja atafsiriwe.

Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Katika miaka yote ya maisha yangu nyanya yangu hakuwahi kunisikia nikisema neno la Kikalenjin. Yeye mwenyewe alihakikisha. Mjukuu wake ni yule wa Kiswahili, na huyu aliyekuja kumsemesha kwa Kikalenjin, tena cha kukariri, hawezi kuwa yeye. Na Kiswahili chenyewe hakumbuki tena kilikuwa na sauti gani. Nilikuwa nimebisha milango yote miwili, na kwa kila mmoja nilikuwa mtu mwingine.

Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi, mwalimu mzima, kitambulisho cha shule shingoni. Watu walipita wakanikwepa. Shangazi alinifuata, na hasira zangu zote nikampa yeye.

"Kila siku anachekesha watu, na wewe unaniambia sukari. Unaniambia uji. Unaniambia mto. Mbona unaninyima?"

"Nikikuambia kwa Kiswahili haichekeshi."

"Mimi nafundisha Kiswahili."

"Ndiyo," akasema. "Nenda ukafundishe." Kisha akakaa ngazini kando yangu, mzito, na leso yake ikaanza kufanya kazi. "Unafikiri napenda kuwa mdomo wa mtu? Ni mama yangu. Nataka nikae tu nicheke na mama yangu. Nikigeuka kukuambia wewe, yeye tayari amesema ingine, na hiyo ingine imenipita."

Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba anaye mama. Ana duka huko Cheptiret, ana watoto wakubwa, ana ukali wake, na nilikuwa nimemgeuza kamusi, tena nikawa namgombeza kwamba kurasa hazitoshi.

Mama yangu alifika Jumamosi, siku ya saba. Hakuwa ameweza kuja mapema. Ng'ombe ni wa kukamuliwa kila siku, mahindi yalikuwa bado nje na mvua ilikuwa inanyemelea kila alasiri, na hakukuwa na mtu mwingine. Alikuwa akinipigia simu asubuhi na jioni kuuliza amekula nini, ameongea nini, na mimi nilikuwa namjibu, ameongea lakini sijui nini. Alikuja na uji wa wimbi kwenye chupa, akavua viatu mlangoni mwa wodi kama anayeingia nyumbani, muuguzi akamwambia avae.

Alikaa kitandani miguuni pa Gogo, akamwinua kidogo, akaanza kumlisha kwa kijiko. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha plastiki, shangazi amesimama nyuma yangu. Kijiko cha tatu au cha nne, Gogo akautazama uji, akamtazama mama, akasema jambo.

Mama akacheka. Wodi nayo ikacheka, lakini mimi nilikuwa namtazama yeye, na niliona. Mama alicheka wa kwanza.

Kisha akajibu. Kwa Kikalenjin. Si neno moja, si salamu, ni sentensi tatu nne zilizofuatana, zenye mwendo, mkono mmoja ukipanda na kushuka na kijiko. Mama yangu, Mluhya, binti wa karani, ambaye sikuwahi kumsikia akisema hata asante kwa lugha hiyo. Mama mzee wa kitanda jirani akainuka kwenye mto kuona ni nani anayeongea.

Shangazi nyuma yangu akasema, polepole, "Wewe. Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili," mama akamjibu kwa Kiswahili, bila kugeuka. "Jikoni kwenu kulikuwa na maneno mengi. Mtu anashika."

Nilimwona shangazi akirudi nyuma, mwaka mmoja baada ya mwingine. Kila kitu alichowahi kusema Gogo akiwa ameenda kisimani. Kila alichomnong'oneza binamu huku mama anapepeta mahindi hatua mbili kutoka hapo, akitabasamu. "Hata ile ya magodoro?" akauliza. "Hata ile," mama akasema, na kumpangusa Gogo kidevu.

Lakini Gogo ndiye wa kuangaliwa. Alikuwa amekodoa macho. Alimtazama mkwe wake kama mtu aliyekuta chumba kipya ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kisha upande mzima wa uso wake ukaanza kucheka, ule mwingine umelala tu, na sauti ikamtoka, kicheko chake kile kile cha jikoni, chenye mluzi mwishoni. Nilikuwa nimekikosa wiki nzima. Akasema kitu, akanyoosha kidole cha mkono mzima.

Mama aliweka kikombe chini. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Amesema nini?" nikauliza, na nakuambia nilichukia sauti yangu.

"Anasema nimevunja sheria," mama akasema. "Anasema nikitoka hapa niende moja kwa moja nikaoshe sufuria kubwa."

Anakumbuka. Basi yumo, nilijiambia, yumo ndani na anakumbuka nyumba yake na sheria yake, kwa hiyo nami nimo mahali fulani humo. Nilimshika mama mkono mpaka nikamuumiza. "Mwambie mimi ni nani. Wewe anakusikia. Mwambie ni mimi, nimekuwa hapa siku zote."

Mama alimwambia. Alimwambia kwa urefu, akinionyesha, akigusa bega langu, na nilisikia jina la shule yangu likipita katikati. Nikauchukua mkono wa Gogo nikaushika kwa mikono yangu miwili. Alinitazama kuanzia nywele mpaka viatu. Hakuwa na haraka. Akasema jambo fupi, kisha akageuza kichwa kuuelekea mlango wa wodi, akautazama.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama mzee wa kitanda jirani alijifunika shuka.

"Amesema nini?"

"Nitakuambia nyumbani," mama akasema.

"Mama, amesema nini?"

"Nyumbani."

Nilimjua mama. Nikamwacha. Jumapili nilikaa kwenye kile kiti mchana wote, na Gogo alikuwa kimya, macho yake kwenye mlango. Kila mtu alipoingia alimkagua, kisha akaendelea kungoja. Nilidhani anautazama mwanga. Jumatatu niliomba ruhusa shuleni. Saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono, macho yake yakiwa mlangoni, alivuta pumzi na hakuirudisha.

Tulimzika Ainabkoi, kando ya babu na baba, baridi ikiwa na hati yake ya shamba mkononi. Wasifu niliuandika mimi, kwa Kiswahili. Alikuwa ametuonya zamani kwamba yeyote atakayesoma kuwa alikuwa mpole, yeye atamwinukia kutoka ndani ya jeneza, kwa hiyo niliandika kwamba hakuwa mpole, na watu wakacheka vizuri makaburini. Lakini baadaye wazee wa kike walikaa kuzunguka moto wakimkumbuka kwa lugha yao, kisa kimoja kinavuta kingine, wakipigana mapaja, wakifuta macho. Nilikaa nao. Shangazi alijaribu. Alinigeukia mara mbili akaanza, "Anasema siku moja mama…", kisha kicheko kikamkata, na mara ya tatu nikamwambia aache, acheke tu.

Jioni watu walipopungua nilimwona mama akiivuta sufuria kubwa kuelekea kwenye mfereji. Ilikuwa imepikiwa ugali wa waombolezaji siku tatu mfululizo na chini imekuwa lami. Wake wa binamu zangu walikimbia kumpokea. "Hii ni yangu," aliwaambia, na vile alivyosema wakarudi. Alikaa kwenye jiwe, akamwaga majivu, akaanza kusugua. Amevaa bado nguo nyeusi ya mazishi. Nilimfuata nikasimama.

"Sasa tuko nyumbani," nikasema.

Alisugua kwanza. Halafu akasema, "Alisema, huyu mgeni mkono wake ni wa joto, mshukuru. Lakini mwambie atoke kwa hicho kiti. Hapo kuna mtu. Yuko shuleni, akimaliza kufundisha atakuja."

Nilikaa chini kwenye matope. Siku mbili. Siku mbili alikuwa anautazama mlango akinisubiri, na mimi nimemshika mkono. Ningetoka tu. Ningetoka nje ya wodi, nikae kwenye korido dakika tano, niingie tena kwa ule mlango na vitabu vyangu kwapani, nikisema chochote, kwa lugha yoyote, pengine angesema, haya, amekuja. Nilimwambia mama hivyo. Nilimwambia kwa ukali, sitaficha. Nilimuuliza ni haki gani aliyokuwa nayo ya kuninyima hilo.

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningetoka kwenye kiti."

"Ndiyo," akasema. "Na ungekaa nje kwa sababu amesema hapo kuna mtu. Nami nilikuwa narudi kwa ng'ombe, shangazi yako kwa duka lake. Angekufa hakuna mtu amemshika."

Nikamuuliza tena, maana hasira zikianza kwangu haziishi na moja. Kwa nini hakunifundisha. Alikuwa anasikia kila kitu, miaka yote hiyo, angeweza kunipa hata kidogo. Alisimamisha mkono. Alinieleza kwamba alipofika kwenye nyumba hii hakuwa na kitu, na mwanamke mmoja aliyeongea Kiswahili kibaya kuliko wote alikifanya kiwe sheria, yeye na watoto wake na wachungaji wake, ili msichana wa watu asikae peke yake jikoni. "Ningemwendea niseme nini? Kwamba sikihitaji tena? Nilinyamaza kwa sababu ya heshima. Halafu nikakuzaa wewe, na nilikuwa tayari nimenyamaza."

Hakuomba msamaha na mimi sikumsamehe, siyo jioni hiyo. Alirudi kwenye sufuria. Waya ulikwaruza. Ng'ombe walikuwa wanalia, muda wao wa kukamuliwa ulikuwa umepita. Kutoka pale tulipokuwa nililiona kaburi, udongo bado mwekundu, na maua ya plastiki yamewekwa juu yake, ambayo yangemfanya aseme kitu, na sitajua kitu gani.

Nilikuwa na sentensi moja tu. Nikaisema nikilitazama, yote, bila kukosea. Gogo, ni mimi. Niambie kitu, nasikiliza.

Mama hakuinua kichwa. Alikata waya katikati, akasogea kwenye jiwe, akanionyesha upande wa sufuria uliokuwa bado mweusi. "Umeongea nini hapa nyumbani?" akaniuliza. Nikakunja mikono ya sweta, nikachota majivu.